NGUVA HUTAFUTA CHAKULA KWA NDEVU ZAKE

Maneno haya tuliyasema mbele ya vikundi vya wavuvi na vya akina mama wanaochokoa pweza, katika mmoja wa mikutano yetu ya pwani ya kusini mwa Tanzania. Tunayachapisha ili yawafikie na wale ambao hawakuweza kufika.



Mada tuliyopewa ni hifadhi ya nguva. Tunajua kwamba neno hili "hifadhi" limewachosha wengi wenu, kwa kuwa mara nyingi limefika kijijini likiwa limebeba orodha ya makatazo. Kwa hiyo leo hatutaanza na makatazo. Tutaanza na swali. Nguva ana macho madogo, na mara nyingi hula katika maji yaliyochafuka kwa tope, tena usiku. Je, chakula chake anakipataje? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza pia kwa nini mnyama huyu anafia katika jarife. Mambo haya mawili ni jambo moja, na ndilo tulilokuja kuwaeleza.

Kuona kwa kugusa

Mvuvi wa mshipi ataelewa haraka kuliko mtu wa mjini. Usiku wa giza, mshipi umeshuka pima kumi na tano, wala hakuna anachokiona huko chini. Lakini samaki akidonoa chambo, mvuvi anajua. Anajua kama ni changu au ni kijisamaki kinachomwibia chambo. Anajua kama risasi imetua juu ya mwamba au juu ya mchanga. Sasa tuulizane: ni nini kilichohisi? Si mshipi, maana mshipi ni uzi tu, hauna uhai. Kilichohisi ni kidole kilichoushika.

Hali kadhalika, mama anayechokoa pweza huingiza kijiti katika tundu la mwamba. Kijiti hakijui kitu. Mkono wake ndio unaomwambia kama amegusa jiwe au amegusa kitu laini kinachojikunyata.

Sharubu za mnyama wa baharini hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Unywele wenyewe umekufa kama zilivyokufa kucha zetu. Lakini shina lake limekaa ndani ya kifuko chini ya ngozi, kifuko kilichojaa damu na kuzungukwa na mishipa ya fahamu. Maji yakiutikisa unywele kwa nje, shina nalo hutikisika ndani, na habari hukimbia hadi kwenye ubongo. Kwa baadhi ya sili, shina la sharubu moja tu huhudumiwa na nyuzi za fahamu zaidi ya 1,000. Hebu fikirini mvuvi mwenye mishipi mingi mashavuni, na kila mshipi umeshikwa na kidole chake.

Waliochunguzwa zaidi

Wanyama tutakaowataja sasa hawako katika bahari yetu. Wengi wao wanaishi kwenye maji ya baridi ya kaskazini mwa dunia. Tunawataja kwa sababu hao ndio waliochunguzwa sana, na yale yaliyojulikana kwao yanatusaidia kumwelewa nguva.

Wa kwanza ni sili. Mwaka 2001, Guido Dehnhardt na wenzake wa Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio walilomfanyia sili aliyefunzwa. Walimfunika macho na kumziba masikio, kisha wakaacha nyambizi ndogo ya kuchezea ipite majini na kusimama. Baada ya hapo walimwachia sili. Akainyosha ndevu yake mbele na kuifuata njia iliyopita ile nyambizi, kona kwa kona, hata kwa umbali wa mita 40. Alipovikwa kitambaa kilichofunika sharubu, hakuweza tena. Hii ni kusema kwamba samaki akipita anaacha nyuma yake mfumuko mdogo wa maji, nao hubaki kwa muda kama nyayo kwenye mchanga. Sisi hatuzioni nyayo hizo. Sili huzisoma kwa mashavu.

Jambo hili linawasaidia watu kuelewa habari nyingine ya zamani zaidi. Katika ziwa Saimaa nchini Finland kuna sili wa maji baridi, na mtafiti Heikki Hyvärinen alieleza mwaka 1989 kwamba miongoni mwao walipatikana vipofu ambao hata hivyo walikuwa wameshiba na kunawiri. Macho yalikuwa yamekufa, lakini sharubu zilikuwa kazini.

Wa pili ni sili tembo wa pwani ya magharibi ya Marekani ya Kaskazini. Huyu huzamia mamia ya mita kwenda kwenye giza ambalo jua haliligusi. Mwaka 2022 watafiti walitoa picha zilizopigwa na kamera ndogo zilizobandikwa kwenye mashavu ya sili hao. Picha zilionyesha jinsi mnyama anavyozitupa sharubu zake mbele na kuzirudisha nyuma kwa mpigo, akiyapapasa maji, mpaka ahisi windo.

Wa tatu ni walarasi wa bahari ya barafu, mwenye pembe mbili ndefu kinywani. Ana sharubu ngumu kati ya 400 na 700. Yeye huinamisha uso kwenye tope la sakafu ya bahari na kupapasa huku na huku akitafuta chaza na kombe waliofukiwa.

Wa nne ni fisi-maji wa baharini wa California. Huyu hutumia sharubu na pia viganja vya mikono yake ya mbele. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018, fisi-maji mmoja alitofautisha mbao zenye mifereji iliyopishana kwa robo ya milimita, akaamua kwa muda mfupi sana kuliko watu waliopewa jaribio lile lile. Akina mama mnaochimba kombe wakati maji yametoka mtaielewa kazi yake vizuri kuliko sisi.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kila mmoja wa hao amepewa kipawa kile kile cha kugusa, naye anakitumia kulingana na bahari yake na chakula chake.

Nguva wetu

Tumefika kwa mwenyeji wetu. Nguva si samaki, nanyi mnalijua hilo. Ana mapafu, hunyonyesha, na lazima apande juu kuvuta pumzi. Anaweza kufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 na zaidi. Chakula chake hasa ni majani ya baharini, yale yanayomea kwenye mchanga na tope la maji ya kina kifupi. Mnyama mzima huweza kula kilo 30 hadi 40 za majani kwa siku moja.

Tazameni uso wake. Pua ziko juu, lakini mdomo umeinama kuelekea chini kama jembe. Mdomo wa juu ni mpana na wenye nyama, na umejaa nywele: nyingine nyembamba na laini, nyingine fupi na nene kama za burashi. Zote zina mashina yenye kifuko cha damu kama tulivyoeleza. Anapofika chini, nguva huutandaza mdomo juu ya mchanga. Zile nywele hugusa na kupambanua palipo na majani na palipo na mchanga mtupu. Kisha zile nene humsaidia kuyashika majani na kuyavuta kuelekea kinywani. Kwa hiyo kwa nguva mdomo ni jicho, na mdomo huo huo ni mkono.

Anapokula majani yale madogo, mara nyingi huyang'oa pamoja na mizizi, na tope hutimka likamfunika uso wote. Hapo hata angekuwa na macho ya kipanga yasingemfaa kitu. Huendelea kula ndani ya wingu hilo, akisogea mbele taratibu, na nyuma yake huacha mfereji wenye upana wa kiasi cha sentimita 10 hadi 25 na urefu wa mita kadhaa. Baadhi ya wazee hapa wamewahi kuiona mifereji hiyo maji yanapotoka. Hizo ni nyayo za mnyama aliyekula gizani kwa kupapasa.

Nguva ana jamaa yake aitwaye manati, anayeishi kwenye mito na pwani za Afrika ya Magharibi na za Marekani. Manati amechunguzwa kuliko nguva, kwa sababu wapo wanaofugwa. Ana nywele za kugusia zipatazo 2,000 usoni, na nyingine zipatazo 3,000 zilizotawanyika mwilini kote. Katika maabara ya bahari ya Mote, huko Sarasota katika jimbo la Florida, manati wawili walifunzwa kuonyesha wanapohisi maji yanatikisika. Walihisi mtikisiko mdogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Nguva wetu naye ana nywele za namna hiyo, chache chache, mwili mzima.

Kugusa hakuoni mbali

Sasa ndugu zetu, tulitazame lile la pili. Kipawa hiki kina mpaka wake. Pomboo hutoa sauti na kusikiliza mwangwi, na kwa njia hiyo hupata habari za kitu kilicho mbele yake kabla hajakifikia. Hata hivyo naye hunaswa, kwa kuwa uzi mwembamba hurudisha mwangwi hafifu. Nguva hana hata mwangwi huo. Yeye hutegemea zaidi kile kinachomgusa, au maji yanayotikisika karibu naye.

Jarife limetengwa usiku katika mkondo, pembeni mwa majani. Uzi wa nailoni umetulia. Haufanyi kelele, wala hauyatikisi maji kama anavyoyatikisa samaki au papa. Nguva anafuata maji yanapojaa ili aingie kwenye malisho yake, kama walivyofanya mama yake na bibi yake. Habari ya kwanza anayoipata kwamba kuna wavu ni pale wavu unapogusa mwili wake. Wakati huo tayari amekwishaingia. Anapapatika, na kila anavyopapatika nyuzi zinazidi kumzunguka. Mnyama huyu kwa kawaida hukaa chini dakika chache tu kabla ya kupanda kuvuta pumzi. Asipoweza kupanda, anakufa maji, yeye aliyezaliwa majini. Asubuhi mvuvi anavuta wavu na kumkuta amekufa.

Kwa hiyo tunaposema nguva "haoni" jarife, hatusemi kwamba ni mjinga. Kipawa kinachomlisha kimetengenezwa kwa ajili ya majani yasiyokimbia na yasiyodhuru. Kwa miaka mingi isiyohesabika hapakuwa na kitu katika malisho yake ambacho kukigusa ni kufa. Wavu wa nailoni umekuja juzi tu.

Hesabu ngumu

Wapo watakaosema kwamba samaki wananaswa kila siku na hawaishi, kwa nini nguva awe tofauti. Tofauti ipo kwenye uzazi. Nguva jike huchukua mimba zaidi ya mwaka mmoja na huzaa mtoto mmoja. Kisha hupita miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Anaweza kuishi miaka 70, lakini wengine hawaanzi kuzaa mpaka wapite miaka 10. Wataalamu wanakadiria kwamba hata pale ambapo mambo yote ni mazuri, idadi ya nguva haiwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Mahali wanapobaki kumi, jike mmoja akifa katika jarife, hasara hiyo haizibwi kwa miaka mingi.

Desemba 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika ya Mashariki katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Makadirio yao yalikuwa kwamba wakubwa wenye uwezo wa kuzaa hawafiki 250 katika pwani yote hiyo. Wengi wa hao wako kwenye visiwa vya Bazaruto nchini Msumbiji, ambako kuna hifadhi ya taifa tangu mwaka 1971. Kwetu Tanzania, katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, na kwa jirani zetu wa Kenya upande wa Lamu na Kiunga, wamebaki wachache mno kiasi kwamba mtu akimwona mmoja ni habari ya kusimulia.

Na tusidhani kwamba mnyama mkubwa hawezi kwisha. Nguva alikuwa na ndugu mwingine mkubwa kuliko yeye mara nyingi, aliyeishi kwenye bahari ya baridi kati ya Urusi na Alaska. Mwaka 1741 mtaalamu Georg Steller alimwona na kumwandika. Wawindaji walifuata. Kufikia mwaka 1768 alikuwa amekwisha. Ni miaka 27 tu, umri wa kijana mmoja aliyekaa mbele yetu hapa.

Tufanye nini

Sheria za Tanzania na za Kenya zinakataza kumvua nguva, na ninyi mnazijua. Lakini sheria haiko ndani ya mtumbwi saa nane za usiku. Aliyeko ni mvuvi, na mbele yake kuna wavu ulionunuliwa kwa mkopo na watoto wanaosubiri ada. Hatuwezi kumwambia "kata wavu" kana kwamba wavu unaota mtini. Kwa hiyo tunaomba tulitazame jambo hili pamoja kama kijiji, si mzigo wa mtu mmoja.

Kwanza, jarife lisilazwe usiku kucha bila mtu katika mikondo inayoingia kwenye majani. Mvuvi akikaa karibu na wavu wake na kuupitia mara kwa mara, anaweza kumkuta mnyama akiwa hai. Faida nyingine ni kwamba samaki anatolewa akiwa hajaharibika wala hajaliwa na kaa, na wavu wenyewe hauibwi.

Pili, nguva akikutwa hai, jambo la kwanza ni pumzi. Mwinueni kichwa ili pua ziwe juu ya maji, kisha kateni nyuzi taratibu. Msimfunge mkia na kumburuza nyuma ya chombo, maana hapo mtamzamisha. Kama yuko na mtoto, waachieni pamoja, kwa sababu mtoto bado ananyonya.

Tatu, na hili ndilo tunaloomba mlijadili leo hii: vikundi vyenu vya kuweka na kukopa vitenge mfuko mdogo wa kumfidia mvuvi aliyekata wavu ili kuokoa nguva. Vipande vya wavu vioneshwe kwa kamati ya kijiji, mashahidi waulizwe, na mwenzetu alipwe gharama ya kushona. Haba na haba hujaza kibaba. Tukio hili ni adimu, kwa hiyo mfuko hautafilisika, lakini utamwondolea mvuvi sababu ya kunyamaza.

Nne, tuyalinde majani yenyewe. Kokoro linapoburuzwa chini hung'oa majani ambayo kwetu yana aina zipatazo 12. Humo tasi hula, changu wadogo hujificha, na kamba hukua. Mahali ambapo nguva hapati chakula, miaka michache baadaye mama hapati kitoweo. Aidha, udongo unaoletwa na mito kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni huyanyima majani mwanga. Nguva anaweza kuishi katika maji ya tope kwa sababu anapapasa. Majani hayawezi, kwa sababu yanahitaji jua.

Tano, mkiona nguva, au mkiona ile mifereji ya malisho wakati maji yametoka, andikeni siku, mahali na hali ya maji, kisha mmpe afisa uvuvi au kikundi chenu cha ufukweni. Akina mama mnaotembea juu ya majani kila bamvua ndio mnaoweza kuiona mifereji hiyo kuliko mtaalamu yeyote anayepita juu kwa ndege. Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji daftari na kalamu.

Ndugu zetu, nguva hawezi kujifunza kuogopa jarife. Kumgusa mara moja ni mwisho wake, wala hapati nafasi ya kumfundisha mtoto. Katika malisho yale, anayejua wavu umelala wapi ni mmoja tu, naye ni mvuvi aliyeutega. Yeye analo jicho ambalo mnyama hana. Tunaiomba kamati ya kila kijiji irudi kwetu kabla ya kusi kuanza ikiwa na majibu mawili: mikondo ipi itaachwa wazi usiku, na mfuko wa wavu utaanza na kiasi gani. Sisi kwa upande wetu tutakuja kukaa nanyi na kuandika makubaliano hayo, kijiji kwa kijiji.